Injini ya Gari la Msiba

Nimechoka na wanaume wanaotaka nguvu. Nasema hivyo asubuhi nikifungua mlango wangu wa bati pale Kisenyi, nasema tena jioni nikiufunga, na fundi wangu Mkenya hunijibu yale yale: "Mama, si hao ndio wanatulisha?" Ni kweli, wanatulisha. Mimi nauza injini za dizeli zilizotumika, zinazokuja kutoka Japani zikiwa bado na oili tumboni, na yeye anazifunga kwenye magari ya watu. Mteja akiingia hasalimii. "Gari langu limelegea. Niwekee turbo." Muulize klachi ikoje, breki je, rejeta inavuja au haivuji, atakutazama kana kwamba umemuuliza habari za chumbani kwake. Yeye anataka nguvu tu. Nguvu ya kwenda wapi, jamani, na Kampala hii ni jamu kutoka asubuhi hadi jioni?

Lakini ile injini moja hakuna mteja aliyeniomba. Niliitaka mwenyewe.

Nimezaliwa kambi ya polisi. Baba alikuwa dereva wa polisi, Mkatoliki wa Nebbi. Mama ni Mnubi wa Bombo, Mwislamu wa swala tano. Nyumbani tulisema Kiswahili kwa sababu baba hakujua Kinubi na mama alikataa kujifunza Kialur, akisema ulimi wake umeshajaa. Nilijua kufungua pampu ya dizeli kabla sijajua kupika, na mama mpaka leo anasema hilo linaonekana kwenye mchuzi wangu.

Baba alipostaafu, chama chetu cha watu wa nyumbani kilimkabidhi gari la msiba. Sisi wa West Nile, kule Nebbi na jirani zake, tulioko Kampala hatupendi kuwaacha wafu wetu huku. Mtu akifa, anarudishwa kwao, hata kama kwao hakukanyaga tangu utoto. Kwa hiyo chama kilinunua basi dogo la zamani, kikang'oa viti vya nyuma ili jeneza lipate nafasi, kikafunga mabenchi pembeni kwa ajili ya wafiwa. Baba aliliendesha tangu siku ya kwanza. Malipo yalikuwa ya soda. Heshima ndiyo ilikuwa kubwa. Akiingia kwenye matanga watu walisimama wakasema, "Afande amefika," na unaona kabisa wenye marehemu wanashusha pumzi, maana sasa yupo wa kumfikisha mtu wao.

Mama alienda naye kila safari. Alikaa kiti cha mbele, kushoto kwake, hata kwa marehemu ambaye hakumjua kwa jina wala kwa sura. Sisi watoto tulimtania kwamba anapenda pilau ya matanga. Alicheka tu, akajifunga leso, akapanda.

Gari lenyewe, Mungu anisamehe, lilikuwa aibu. Injini yake ya asili haikuwa na turbo, ile feni ya kuisukumia hewa, na ilikuwa imezeeka vibaya. Kwenye tambarare ilijikaza. Lakini ukivuka daraja la Nile pale Pakwach, barabara inaanza kupanda kuelekea Nebbi, na hapo ndipo lilipotuvua nguo. Gia ya kwanza, moshi, mlio wa kuomboleza kuliko wafiwa wenyewe. Malori ya mihogo yalitupita. Mara ya mwisho lilichemka katikati ya mlima, watu wakashuka juani na marehemu akabaki ndani peke yake, na binti ya marehemu akalia kwa hasira kuliko huzuni.

Vijana wa chama wakawaka kwenye WhatsApp. Mwenyekiti, mtu wa makamo anayesimamia walinzi kwenye majengo ya ofisi, aliita mkutano nyumbani kwake Bukoto. Akasema bila kuzunguka: gari liuzwe chuma chakavu Katwe, na kila ukitokea msiba chama kikodi gari zima lenye dereva wake. "Na Afande wetu apumzike," akasema, watu wakapiga makofi.

Yale makofi yaliniuma. Nimeona kambini wanavyopumzika. Mzee anakaa kwenye kizingiti, amevaa shati la zamani la kazi lisilo na vyeo, anasubiri mtu amuulize kitu. Hakuna anayemuuliza. Mwaka hauishi, anakufa. Nikamwangalia baba pale mkutanoni. Alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, kimya, uso umetulia kabisa. Nikajiambia, huyu analia ndani kwa ndani.

Nikasimama. "Injini nitatoa mimi. Lipande ule mlima bila kusimama, limejaa watu na jeneza, halafu mtuambie kama bado ni chuma chakavu."

Mwenyekiti akacheka. "Kale, sawa, mama. Likipanda, gari linabaki na mzee anabaki nalo. Lisipopanda, Katwe."

Njiani kurudi baba akaniambia, "Acha, mwanangu. Liache liende. Unajichosha bure." Nikamwambia atulie, hii ndiyo kazi yangu. Akatulia.

Fundi wangu alipolitazama gari alishika kiuno. "Wueh. Hii ni kufufua Lazaro." Tukaanza kubishana, na tulibishana siku nyingi. Yeye alitaka tuipe turbo injini ile ile ya zamani. Ni rahisi, alisema, unafunga tu, hubadilishi kitu kingine. Nikakataa. Injini iliyozaliwa bila turbo, pistoni zake hazikutengenezwa kwa joto lile. Ukiilazimisha hewa na dizeli zaidi, itakimbia wiki chache, itakufurahisha, kisha kichwa cha silinda kitapasuka huko porini Karuma, na nyani ndio watakaokuwa wafiwa wako.

Dukani nilikuwa na injini mbili za turbo zilizoweza kuingia kwenye boneti lile. Moja ilikuwa ya kisasa, pampu yake inaamriwa na kompyuta. Nyingine ya zamani kidogo, pampu yake ni chuma kwa chuma, inafunguliwa kwa spana. Tuliziweka chini juu ya matairi, tukaziwasha moja moja. Ya kompyuta ilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Iliitika ukigusa tu, haina moshi, haina kelele. Lakini waya wake mmoja ukilowa maji, umekwisha, na sisi tunaenda kuzika watu msimu wa mvua. Ya pili ilinguruma kwa sauti nene. Nilifungua kifuniko cha oili nikaweka kiganja: hewa iliyotoka ilikuwa kidogo, maana yake pistoni zinabana vizuri. Fundi akaingiza vidole kwenye turbo, akatikisa ule mhimili wake. Haukucheza. Tukatazamana. Ilikuwa injini nzuri kuliko zote nilizopata mwaka ule, na nilikuwa na wateja wanaoililia.

Tuliifunga hiyo. Kisha tukaanza kuitafutia nguvu zaidi, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Wanadhani nguvu ni skrubu moja ya dizeli kwenye pampu: izungushe, gari litaruka. Ndiyo, litaruka, na nyuma litatoa moshi mweusi kama jiko la kuni mbichi. Moshi mweusi ni dizeli ambayo haikuungua. Ni chakula umemlazimisha mtu akakitapika. Kwanza mpe hewa. Tulichukua kipoza hewa cha lori, kile kinachopunguza joto la hewa kabla haijaingia kwenye injini, tukakifunga mbele ya rejeta. Mafundi wa Katwe walitukunjia mabomba, wakayachomelea vizuri ajabu, wakatupanulia na bomba la moshi. Tukaongeza msukumo wa turbo kidogo. Ndipo fundi akagusa ile skrubu, robo mzunguko, tunaenda kujaribu kupanda kilima cha Naguru, tunarudi, anagusa tena. Siku moja alizidisha, tukaacha wingu jeusi mbele ya mtu aliyevaa suti nyeupe ya harusi. Matusi ya Kiganda niliyoyasikia siku ile sijawahi kuyasikia tena. Tukairudisha.

Breki nilibadilisha pia, na klachi. Sikuacha kitu. Nilikuwa nimechoka mpaka mifupa, nalala na harufu ya dizeli kwenye nywele, na mume wangu akaanza kulala akinipa mgongo. Lakini gari lilikuwa tayari. Lilipanda Naguru kwa gia ya tatu, limebeba magunia ya saruji, bila kulalamika.

Nilimwomba baba aje alijaribu. Akasema ana mafua. Nikamwomba tena, akasema magoti. "Nitaliona siku ya kazi," akasema.

Siku ya kazi ikafika. Alifariki mjane mmoja wa kambini, mama wa watu, aliyeuza mandazi tukiwa wadogo. Tuliondoka alfajiri. Baba kwenye usukani, mama kushoto kwake, jeneza nyuma, na mabenchi yamejaa. Mimi nilikaa nyuma ya mama, ili niweze kuchungulia geji ya joto. Mwenyekiti hakuja, lakini alituma kijana arekodi mlima kwa simu.

Mpaka Bombo tulikuwa kwenye msururu wa magari, hakuna cha kuona. Baada ya Luweero barabara ikafunguka, baba akakanyaga mafuta kama alivyozoea kukanyaga miaka yote, yaani mpaka chini. Loo! Lile gari liliondoka. Wafiwa waliacha kuimba. Mtu mmoja nyuma akasema "Yesu!", na mwingine akacheka licha ya msiba. Mimi nilijaa. Nakwambia nilijaa furaha.

Kisha nikaanza kumsikia mama.

Nilikuwa nimesafiri nao mara chache sana, na siku zote nyuma kabisa, karibu na jeneza, penye nyimbo. Sikuwahi kukaa mahali pa kumsikia. Mama alikuwa anazungumza bila kupumzika, kwa sauti ya chini, sawa na mtu anayevuta tasbihi. "Kushoto boda. Amepita. Kulia mbuzi wawili, wamesimama. Tuta liko mbele, baada ya duka la bluu. Kushoto mtoto, anavuka, anavuka, amevuka." Mwanzoni nilidhani ni woga wa mwendo. Nikataka kumwambia, mama, mwache mzee aendeshe. Halafu nikaona kwamba baba anamjibu kwa mikono. Mama akisema kulia, usukani unasogea kidogo kushoto. Mama akisema amepita, unarudi.

Na sasa maneno yalikuwa yanachelewa. Mama alisema, "Tuta," na sisi tayari tuko juu yake. Jeneza liliruka, wanawake wakalishika kwa mikono. Mama akaanza kusema haraka zaidi. Alikuwa anatweta. Jasho lilimtoka chini ya leso, na mkono wake ulikuwa umeshika dashibodi mpaka vidole vikageuka rangi.

"Baba, punguza," nikasema.

"Napunguza," akasema, na kweli alipunguza, lakini mguu wake ulikuwa umezoea gari lingine.

Tulikuwa tumeshapita Kafu. Mtu wa baiskeli alikuwa anatoka kwenye njia ya vumbi upande wa kulia, amebeba magunia ya mkaa, anasukuma, kichwa chini. Mimi nilimwona kutoka mbali. Mama alikuwa anatazama kushoto, palipokuwa na ng'ombe. Nikangoja baba apunguze. Sekunde ikapita. Mtu yule akaingia barabarani na baba akawa anatazama mbele, ametulia, kama mtu anayeona barabara nyeupe isiyo na kitu.

"Baba! Kulia!"

Mama akapiga kelele, akaudaka usukani. Breki zile mpya zikashika. Tuliposimama, boneti letu lilikuwa karibu kugusa gunia la nyuma. Yule mtu hakuanguka. Alituangalia, akatema mate, akaendelea kusukuma.

Baba alishuka. Alisimama mbele ya gari, akageuza kichwa chote, polepole, kushoto, kisha kulia, kama anayetafuta mtu kwenye chumba chenye giza. Yule wa baiskeli alikuwa hatua chache kutoka kwenye bega lake. Kichwa kilipomfikia ndipo akamwona.

Sikutaka kumwaibisha mbele ya watu. Nikashuka, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Baba, naomba nishike mimi kidogo. Nataka kuisikiliza injini nikiwa kwenye usukani." Akasema, "Ni sawa, fundi." Akakaa nyuma ya mama, mahali pangu. Mama alifunga mdomo, na mpaka Pakwach hakusema neno hata moja.

Mlima tuliupanda. Lazima niseme, maana ndiyo ilikuwa kazi: tuliupanda kwa gia ya tatu, moshi hakuna, joto halikusogea, tukayapita malori ya mihogo moja baada ya jingine, na yule kijana akarekodi kila kitu. Kabla hatujafika kaburini mwenyekiti alikuwa ameshaandika kwenye WhatsApp kwamba gari haliuzwi na Afande wetu atatuendesha mpaka atakapochoka mwenyewe. Watu wakaweka vidole gumba na mioyo. Nilizima simu.

Siku ya pili yake, baada ya mazishi, mama alinifuata kisimani. Akaniambia yote, wima, bila machozi. Daktari alisema ni presha ya macho. Baba anaona mbele, sawa na mtu anayechungulia kwenye bomba, lakini pembeni pameshafungwa, na kilichopotea hakirudi. Dawa inazuia tu pasizidi kufungwa. Ni miaka sasa. Nyumbani huwezi kugundua kwa sababu anajua kila kitu kilipo.

"Na nyinyi mlikuwa mnabeba watu?" Nilimpigia mama kelele, Mungu anisamehe. "Mama, mnabeba watu!"

"Tulikuwa tunabeba watu polepole," akasema. "Gari lilikuwa linakwenda mwendo wa ulimi wangu. Mimi nasema, yeye anafanya. Hatukumgusa hata kuku." Kisha akanishika mkono, na mama yangu si mtu wa kuomba. "Ile skrubu mnayozungusha. Si inarudi? Irudishe. Irudishe mpaka liwe kama zamani. Useme imeharibika. Usimwue baba yako."

Nilijaza maji, nikabeba.

Kurudi Kampala niliendesha mimi. Niliwashusha watu wote, nikalipeleka gari moja kwa moja Kisenyi, nikamwambia fundi wangu akanywe chai. Nilifungua boneti. Injini ilikuwa bado ya moto, nzuri, safi, haina hata tone la oili nje. Ni kweli skrubu inarudi. Robo mzunguko, robo nyingine, unalegeza na msukumo wa turbo, na unapata gari la kizee. Nilikuwa nimeshika spana, na nakiri nilikuwa sijui mkono wangu utafanya nini. Nilimwona yule mtu wa mkaa. Nilimwona baba kwenye kizingiti.

Nikamsikia baba mwenyewe nyuma yangu. Alikuwa amekuja na boda. Akaja taratibu, akigusa magari kwa kiganja, akasimama kando yangu, na wote wawili tukaitazama injini.

"Mama yako amekuambia uirudishe," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Usiirudishe. Kazi nzuri kama hiyo haiharibiwi." Mtaani wapakiaji walikuwa wanagombana kuhusu mkokoteni. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya kambini isiyopanda wala kushuka, "Mimi siku ile Bukoto nilifurahi, mwanangu. Waliposema liuzwe. Nilikuwa nakaa namwomba Mungu jambo moja, gari lifie mikononi mwangu. Pale pale mlimani, mbele ya watu wote. Wangesema gari limekufa, na Afande amepumzika. Nani angeuliza habari za macho? Nilikuwa nimebakiza kidogo sana. Ndipo wewe ukasimama."

Niliweka spana chini. Nililia tu, kwa sauti, mwanamke mzima mwenye oili mpaka kwenye viwiko.

"Basi," akasema. "Basi, mama. Wapelekee chama gari lao, uwaambie ukweli. Sitaki wadhani nimelikataa gari zuri."

Akatoa mfukoni ufunguo wake wa akiba wa gari, akaunyoosha mbele yake kunipa. Mimi nilikuwa nimesimama upande wake wa kulia, begani kabisa. Aliunyoosha pasipokuwa na mtu, akangoja. Nikazunguka taratibu, nikaenda kusimama pale mkono wake ulipokuwa.